Ng'ombe za Mama Ziko Kwa Mkwe

Wiki jana mliniacha mahali pabaya. Nimejificha chini ya magunia tupu ndani ya stoo ya Muthama, hapa Emali. Mlango umefungwa kutoka nje, na viatu vyake vinazunguka ukuta polepole kama mtu anatafuta kitu ameangusha.

Najua wengine wenu mlisema: huyu Mumbua ni mjinga, aliingia huko kufanya nini? Ngojeni niwaambie asubuhi hiyo nilikuwa nafanya nini, halafu mnihukumu.

Nilikuwa nakoroga uji. Ule uji wa mahindi ya njano ya msaada, unaonuka gunia hata uweke ndimu. Mama alikuwa nje amekalia jiwe, anasugua plau na jivu, halafu anaipaka mafuta. Plau ilikuwa inang'aa. Ng'ombe za kuivuta hazikuwako.

"Mama, uji uko tayari."

"Angalia Nzaui," akasema bila kugeuka.

Nikaangalia. Kilima cha Nzaui kilikuwa kimevaa wingu mpaka shingoni. Mwaka huo wote hatukuwa tumeona wingu kama hilo.

"Ni leo," mama akasema. "Na mimi nitalima na nini, Mumbua? Na kucha?"

Hapo ndipo nilitoka mbio. Mwiko ukabaki ndani ya sufuria.

Kama wewe ndio unaanza leo, sikia haraka. Njaa ilipokaza, mama yangu, Kalondu, alichukua magunia manne ya mahindi kwa Muthama. Muthama ana duka, ni mzee wa kanisa, na ni bwana ya dada yangu Ndinda. Mama akaweka rehani ng'ombe zake mbili za kulima: Ndune, ile nyekundu, na Meja, ile inatembea kama askari wa gwaride. Mahindi yarudi kabla ya mvua ya kwanza, ng'ombe zirudi nyumbani. Mvua ikinyesha kabla, ng'ombe ni za Muthama.

Na mahindi tulipata! Mjomba Mutie aliyaleta kutoka Kitale. Juzi wamama wa mwethya, kile kikundi cha mama cha kusaidiana kulima, walipakia magunia yote manne kwa punda wakaenda wakiimba mpaka geti ya Muthama. Akawarudisha.

"Sijaona mwenye ng'ombe," akasema.

Tukacheka. Tukasema ni mzaha wa mkwe. Jana wakaenda tena, akawarudisha tena. Hakuna mtu alicheka.

Sasa kama wewe si wa kwetu utauliza, kwani mama alikatazwa na nani kwenda mwenyewe? Alikatazwa na nthoni. Kwetu mama mkwe na mkwe hawaonani uso. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Hata siku ya rehani mama alikaa nyuma ya ukuta wa jikoni yetu, Muthama akasimama ng'ambo ya ua na wazee wake wawili, na mjomba Mutie akawa anatembea katikati akibeba maneno.

Basi nilitaka tu kuona kama Ndune na Meja bado wako. Nikapita dirisha la stoo. Mengine mnayajua.

Viatu vikasimama. Vilikuwa pale nje ya ukuta, karibu na kichwa changu.

"Mzee, tunangoja nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Kisilu, dereva, mtu wa kijiji cha Tulia, anayelala chini ya lori yake hapo kwa Muthama tangu jana. "Mombasa si hapa karibu."

"Tunangoja mvua," Muthama akasema.

"Mvua? Mvua inanifukuza mimi, wewe unaingoja kama wageni?"

Muthama akacheka. Ana kicheko laini, kile anachotumia akisalimia watu kwa mlango wa kanisa.

"Kisilu, mimi siibi ya mtu. Mapatano yalisemwa mbele ya wazee. Mwenye ng'ombe aje, na mahindi, kabla ya mvua ya kwanza. Aje mwenyewe. Asitume mtu."

Chini ya magunia nikaacha kupumua. Aje mwenyewe? Hiyo hatukuwa tumeisikia. Hata siku moja!

"Na huyo mama alikubali?" Kisilu akauliza.

"Mutie alikubali."

"Alimwambia?"

"Wewe uko na mama mkwe?"

"Niko naye. Yuko Tulia."

"Sasa mtu akuambie, nenda kwa mama fulani, mwambie aende kwa mkwe wake, aingie geti, amwangalie na macho. Utabeba maneno kama hayo umpelekee mama mzima?"

"Ngai! Hayo ni matusi."

"Basi na Mutie hakuyabeba. Aliyameza pale katikati ya ua. Nilimwona akiyameza." Kicheko tena. "Nilijua atayameza."

Jamani. Mjomba Mutie, na heshima yake yote! Alionea mama haya, akanyamaza, na kwa kunyamaza kwake ng'ombe zetu zilikuwa zinaondoka.

"Mimi sijui," Kisilu akasema. "Hizo ng'ombe ziko na alama ya ukoo kwa paja. Nikisimamishwa na polisi huko Mtito, niseme nini?"

"Huoni moto unawaka pale? Tone la kwanza likianguka, mimi nachoma alama yangu juu ya ile, wewe unapakia."

"Na kama yule mama atakuja?"

"Kalondu?" Muthama akashangaa kabisa. "Kuja hapa?"

"Lakini kama atakuja."

"Akija, chukua lori yako uende bure."

"Na mimi nitaenda bure, mzee. Nakuambia mapema. Ng'ombe iko na mwenyewe amesimama hapo, mimi sipakii."

Shikeni hayo maneno ya Kisilu. Mimi niliyashika na meno.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa commerce, Bwana Ng'ang'a, alitufundisha mambo ya rehani. Alichukua kofia ya Wangui akaiweka kwa meza yake. "Hii kofia sasa ni ya nani?" akauliza. Darasa lote likapiga kelele, "Yako!" Mimi nilijua jibu. Lilikuwa hapa kooni. Lakini mimi ni mtu nikiitwa jina kwa register naitika kwa sauti ndogo mpaka mwalimu ananiandika sijakuja. Sikuinua mkono.

"Ni ya Wangui," Bwana Ng'ang'a akasema. "Mimi ni mlinzi tu. Akileta deni lote, narudisha. Na hata asipoleta, siwezi kuuza kimyakimya kama mwizi. Namwambia kwanza mwenyewe, nauza siku fulani, ili apate nafasi ya kuikomboa."

Basi Muthama alikuwa anavunja sheria, na mimi niliijua sheria, na nilikuwa nimelala chini ya magunia na vumbi ya samaki wa omena puani.

Halafu Ndune akaninusa.

Zizi la Muthama limeshikana na ile stoo, katikati ni mbao tu. Kumbe ng'ombe zilikuwa hapo, mkono mmoja kutoka kwangu! Ndune ni mimi nilimlisha akiwa ndama, mama yake alipokufa, na chupa ya soda. Akaingiza pua kwa ufa wa mbao. Akavuta harufu. Halafu akalia, ile sauti ndefu ya kuita.

"Nyamaza," nikanong'ona. "Ndune, nyamaza, tafadhali."

Akasikia sauti yangu. Akagonga mbao na pembe.

"Hiyo ng'ombe inaona nini?" Muthama akasema.

Funguo zikalia. Mlango ukafunguka. Mwangaza ukaingia mpaka miguuni pangu, na nyuma ya mwangaza Muthama, na kwa mkono wake kile chuma cha kuchomea. Ncha ilikuwa nyekundu kama nyanya.

Akainua gunia moja. Akainua la pili.

"Shemeji Mumbua," akasema kwa upole. "Kwenu siku hizi mnaingia kwa watu na dirisha?"

Nikasimama. Joto la kile chuma lilikuwa linafika shavuni.

"Umekuja kuona dada yako?"

Nikatikisa kichwa.

"Umekuja kuiba?"

"Ng'ombe..." nikasema.

"Sema kwa sauti, shemeji. Wewe hata salamu kanisani husikiki."

"Ng'ombe ni za mama. Kitu cha rehani ni... ni cha mwenyewe. Wewe ni mlinzi. Huwezi kuuza kama hujamwambia. Mwalimu alisema. Na deni tulileta."

Yote ilitoka kidogokidogo kama maji ya mfereji wa kiangazi. Kisilu alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Akakuna shingo.

"Mzee, huyu mtoto anasema deni lililetwa?"

"Lililetwa na punda," Muthama akamjibu bila kumwangalia. "Punda si mwenye ng'ombe." Halafu akainama mpaka tukaangaliana. "Sheria ni nzuri sana, shemeji. Nimefurahi unasoma. Mwambie mama aje tuongee sheria."

"Unajua hawezi."

"Basi."

Akarudi nyuma hatua moja. Nikadhani imeisha.

"Sasa sikia," akasema, na ule upole ukatoka kwa sauti yake kama mtu amezima taa. "Utakaa hapa mpaka lori iende. Ukipiga kelele, mimi nitatoka hapo sokoni niseme neno moja tu. Nimepata mtu ndani ya stoo yangu, aliingia na dirisha. Neno moja. Unalijua?"

Nililijua. Nyinyi pia mnalijua. Mwezi uliopita hapo sokoni walimpata mtu na jogoo ambayo haikuwa yake. Mimi niliona tu viatu vyake baadaye, kimoja huku na kingine kule.

Mlango ukafungwa. Kufuli. Na dirisha nalo akalipigia komeo kutoka nje. Halafu nikasikia chuma kikirudishwa motoni.

Nilikaa kando ya mbao za zizi. Ndune alikuwa ananilamba vidole kupitia ule ufa, mjinga wa watu, hajui amenifanyia nini.

"Mumbua."

Nikaruka.

"Mumbua, ni mimi. Usiongee kwa nguvu."

Ilikuwa dada yangu Ndinda, nyuma ya stoo, upande wa choo.

"Dada, nifungulie!"

"Funguo analala nazo, ataziacha mchana? Ameniambia nisitoke dukani. Nimesema naenda choo."

"Kimbia umwambie mama. Mwambie aje mwenyewe. Yule dereva amesema akimwona mama hapakii!"

Nikasikia miguu yake ikirudi nyuma.

"Dada?"

"Aje hapa?" Sauti ya Ndinda ilikuwa ndogo kuliko yangu. "Aingie kwa bwana yangu? Mumbua, unajua unasema nini? Mimi nitaishi wapi baada ya hapo? Watoto wangu wataitwa nani?"

"Bila ng'ombe mama atapanda na nini? Mwaka ujao tena tule njano? Na mwaka ujao ataweka nini rehani? Mimi?"

Nikasikia analia, ile ya kuziba mdomo na leso.

"Kuna mbuzi," akasema. "Mkwe akitaka nthoni iishe, analeta mbuzi na blanketi kwa mama mkwe, wanakula pamoja, basi, wanaongea kama watu. Nimemwambia Muthama tangu harusi. Kila mwaka nasema, peleka mbuzi. Kila mwaka ananiambia, heshima ni kitu kizuri, tuiache."

Nafikiri tuliona kitu kimoja wakati mmoja. Mtu huyu alikuwa ameiweka hiyo heshima miaka yote kama mtu anaweka kisu juu ya paa. Alijua iko siku atakitumia.

"Ndinda!" Ilikuwa Muthama, kutoka dukani. "Hiyo choo umeanguka ndani?"

"Nakuja!" Halafu haraka, mdomo kwa mbao: "Wamama wa maji wanarudi sasa hivi. Wanapita kando ya reli. Kuna tundu juu, chini ya mabati. Panda magunia."

"Dada, niite nani? Mimi siwezi kuita..."

Alikuwa ameenda.

Nikapanda. Magunia ya chumvi, halafu ya sukari, halafu debe. Nikashika boriti. Tundu lilikuwa kubwa kama sahani, na nikitoa uso niliona soko upande mmoja, na reli upande mwingine, na ng'ambo ya reli ile njia nyeupe inayoenda kwetu. Juu ya yote wingu jeusi, chini kabisa. Upepo ulikuwa umesimama.

Wamama walikuwa wanakuja kando ya reli na punda zao, mitungi inagongana. Mbele ni Kasyoka. Kasyoka ndiye kiongozi wa mwethya, ndiye aliyerudishwa na magunia yetu mara mbili. Nikasema moyoni, Mungu ananipenda.

Nikafungua mdomo.

"Mama Kasyoka."

Hata Ndune hakusikia.

Chini yangu, kwa soko, niliona watu. Fundi wa baiskeli. Mama za ndizi kutoka Mbooni. Vijana wa kupakia mizigo, wamekaa hawana kazi, wanatafuta kitu cha kuangalia. Neno moja tu. Nikaona vile viatu tena, kimoja huku, kingine kule.

Punda ya kwanza ikapita. Kasyoka akapita. Nikaona mgongo wake.

Jamani, mimi sijui ilitoka wapi.

"MAMA KASYOKAAA!"

Soko lote likageuka. Hata fundi akaacha gurudumu likizunguka peke yake.

Kasyoka akasimama, akaangalia huku na huku, halafu akaona uso wangu chini ya mabati.

"Ni nani? Mwana wa Kalondu? Unafanya nini huko juu kama popo?"

"Mwambie mama aje! Aje mwenyewe, sasa hivi, kabla ya mvua! Aje kwa Muthama!"

"Aje wapi?"

"Hapa! Ndani! Aingie!"

Wamama wakaziba midomo na mikono. Mmoja akageuza uso kabisa, kama mimi nimevua nguo mbele yake. Kasyoka akaangusha fimbo ya punda.

"Wewe mtoto, una wazimu? Hayo ni maneno ya kumpelekea mama yako? Kwa mkwe wake?"

"Mapatano yalikuwa aje mwenyewe! Mjomba Mutie alificha! Ndune yuko hapa, Muthama anataka kumchoma alama! Mama asipokuja ng'ombe zimeenda Mombasa!"

Kasyoka aliniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu. Nikangoja aseme ndiyo. Nikangoja hata anitukane, nijue amesikia.

Akaokota fimbo, akapiga punda, akavuka reli na wale wengine nyuma yake. Hakuna mmoja aliyegeuka. Vumbi lao likapanda, likawafunika.

"Nani anapiga kelele kwa stoo ya Muthama?" kijana mmoja akauliza hapo chini. Alikuwa amesimama. Na wa pili akasimama. "Si ni mwizi, ameingia na dirisha?"

Lile neno. Nani alikuwa amewapa? Muthama alikuwa bado dukani, mikono nyuma, anatabasamu tu kwa mlango.

Halafu, tap.

Juu ya kichwa changu, kwa mabati. Moja.

Muthama akatoka nje, akainua uso, akanyoosha kiganja.

"Mvua," akasema. "Kisilu, fungua nyuma ya lori."

Kisilu hakusonga. Na yeye alikuwa ameangalia juu. "Tone moja si mvua, mzee. Hiyo inaweza kuwa ndege."

"Nimesema fungua!"

Nikasikia chuma kikitolewa motoni. Nikasikia Meja akirudi nyuma kwa zizi, kwato kwa mawe. Wale vijana walikuwa wanakuja, si mbio, wanatembea tu, na mmoja amebeba jiwe kama mtu amelisahau mkononi.

Mimi sikuangalia vijana. Niliangalia ng'ambo ya reli.

"Mwaitu!" nikaita. Hivyo ndivyo tunavyoita mama kwetu, tukiwa wadogo. "Mwaitu, kuja!"

Njia ilikuwa nyeupe na kavu mpaka pale inapopinda. Vumbi la punda lilikuwa limeshalala. Hakukuwa na mtu.

Tap.